Shimo limeachwa wazi kwenye ardhi ya mtu: halmashauri ina ruhusa ya kufanya nini?

Kila mtoto anapofia kwenye shimo lililoachwa wazi, mabishano huwa yale yale. Wapo wanaouliza halmashauri ilikuwa wapi miaka yote hiyo. Wapo wanaojibu kwamba pale ni kwa mtu, hati anayo, na serikali haiwezi kujiingilia tu kwenye ardhi ya watu ikaanza kufukia. Na hawakosekani wanaowalaumu wazazi. Baada ya mazishi maneno hupoa, na shimo linaendelea kuwa wazi kama lilivyokuwa.

Makundi mawili ya kwanza yote yana sehemu ya ukweli. Serikali za mitaa katika nchi nyingi zina mamlaka ya kushughulikia shimo la hatari hata likiwa kwenye ardhi binafsi, lakini mamlaka hayo yana utaratibu wake. Kinachovuruga mambo, kwa maoni yangu, ni kuchanganya kazi mbili zisizokwenda kwa mwendo mmoja. Kazi ya kwanza ni kuhakikisha hakuna mtu mwingine anayetumbukia, na hiyo ni ya leo. Ya pili ni kuamua nani mwenye kosa, shimo lifukiwe vipi na nani alipe. Hiyo lazima ichukue muda, kwa sababu inagusa haki za mtu. Halmashauri inayosubiri kazi ya pili ikamilike ndipo iweke hata uzio, imeielewa vibaya sheria inayoisimamia.

Tuanze na maneno yenyewe. Shimo lililotelekezwa ni uchimbaji wowote wa binadamu ambao hautumiki tena na haukufukiwa, haukuzibwa wala kuwekewa kizuizi cha maana. Yanaingia hapo machimbo ya mawe, mchanga na kifusi, msingi wa jengo ulioishia njiani, kisima kilichokauka, shimo la choo cha zamani na tanki la chini ya ardhi. Kazi kusimama peke yake hakulifanyi shimo kuwa limetelekezwa. Eneo la ujenzi lililosimama kwa kukosa fedha, lakini lina uzio mzima na mtu analiangalia, ni kazi iliyosimama tu. Eneo lile lile likishaanguka mabati ya uzio na watu wakapitisha njia ya mkato katikati yake, hali imebadilika.

Wanasheria wana jina la hali inayohatarisha afya au usalama wa watu kwa jumla: kero kwa umma. Jina hilo linasikika jepesi, kama vile linahusu kelele za muziki tu, lakini ndani yake mna maji taka, majengo yanayotaka kuanguka na mashimo haya tunayoyazungumza. Kuiondoa kero maana yake ni kufanya lile linalohitajika ili hatari iishe. Pengine ni kufukia, pengine kuziba, pengine kuweka uzio, kulaza kingo au kutoa maji. Tofauti hii ina uzito wake, kwa sababu watu wengi wakisikia halmashauri inashughulikia shimo huwaza tingatinga na lori za udongo, wakati mara nyingine kinachotakiwa ni kifuniko cha zege.

Kwa nini shimo la mtu liwe shauri la watu wote

Jibu la kwanza ni la maumbile. Udongo uliochimbwa ukaachwa na ukuta wima hautulii. Mvua inauloanisha, jua linaukausha, nyufa zinajitokeza juu sambamba na ukingo, na siku moja kipande kizima kinaporomoka. Mita moja ya ujazo ya udongo inaweza kuzidi tani moja na nusu, kwa hiyo mtu hahitaji kufunikwa kichwa ili afe. Uzito ukimbana kifuani, anashindwa kuvuta pumzi. Na ukingo unaporudi nyuma mwaka hadi mwaka haujui mpaka wa kiwanja. Shimo lililochimbwa karibu na mpaka linaiondolea ardhi ya jirani egemeo lake, na nyumba iliyojengwa kihalali upande wa pili inaanza kupasuka kuta.

Maji yana hila zaidi. Shimo likijaa, juu linaonekana kama dimbwi la kawaida. Bwawa la asili aghalabu lina kina kinachoongezeka polepole. Machimbo yana ukuta, hatua moja maji ya magotini na inayofuata hakuna chini. Kingo za mfinyanzi ulioloa zinateleza kiasi kwamba hata anayejua kuogelea hapati pa kushika ili atoke. Majani yanayoota pembeni huning'inia juu ya maji na kuuficha ukingo wenyewe. Mkaguzi mzuri huviangalia vitu hivyo kwanza: nyufa, majani yanayoficha ukingo, na nyayo. Nyayo ndogo zinazoelekea kwenye maji zinamwambia kuliko kipimo chochote.

Halafu kuna hewa. Katika visima na mashimo membamba, gesi ya kaboni dioksidi, ambayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama chini, na oksijeni hupungua bila harufu wala rangi ya kumtahadharisha mtu. Anayeshuka kumfuata mwenzake anazimia na yeye. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, ilitoa tahadhari mwaka 1986 ikieleza kwamba zaidi ya asilimia 60 ya vifo katika maeneo finyu vilikuwa vya watu walioingia kuokoa. Kwa hiyo hesabu ya shimo moja haiishii kwa yule aliyetumbukia kwanza.

Dunia nzima imeyaona haya. Januari 2019, huko Totalán kusini mwa Hispania, mtoto wa miaka 2 alitumbukia kwenye shimo la kutafutia maji lenye upana wa takriban sentimita 25 na kina cha zaidi ya mita 100. Wahandisi na wachimbaji wa migodi walichimba shimo jingine kando ili wamfikie, na walimpata siku ya 13, ameshafariki. Februari 2022, katika kijiji cha Ighran kaskazini mwa Moroko, mtoto wa miaka 5 alitumbukia kwenye kisima cha mita 32, na waokoaji walikaribia kuubomoa mlima mzima kabla ya kumfikia. Naye hakupona. Kila mara hutumika mitambo, wataalamu na siku nyingi kwa sababu ya uwazi ambao ungezibika kwa bamba la chuma.

Jibu la pili ni la sheria, na ni la zamani kuliko hati za ardhi. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, imeandikwa kwamba mtu akichimba shimo asilifunike, na ng'ombe au punda akatumbukia, mwenye shimo atamlipa mwenye mnyama. Hapakuulizwa mnyama alifuata nini pale. Jukumu lilishikamana na kulifungua shimo na kuliacha wazi.

Sheria za sasa zimepanua wazo hilo hilo. Kumiliki ardhi kunakupa haki ya kuitumia na kuwazuia wengine; hakukupi haki ya kuweka juu yake kitu kinachohatarisha maisha ya watu. Ndiyo maana anayesema "ni ardhi yangu, nachimba nitakavyo" anasema nusu ya maneno. Kuchimba anaweza kuruhusiwa. Kuacha hatari wazi hakumo ndani ya ruhusa hiyo.

Vipi kuhusu hoja kwamba aliyetumbukia alikuwa ameingia bila idhini? Zamani hoja hiyo ilikuwa na nguvu sana. Nchini Uingereza, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwenye eneo hakudaiwa karibu chochote na mtu aliyeingia pasipo ruhusa, hata akiwa mtoto. Mwaka 1972 mahakama ya juu ya nchi hiyo ilibadili msimamo katika kesi ya mtoto wa miaka 6 aliyeungua kwa umeme wa reli baada ya kupita kwenye uzio uliobomoka, wakati shirika la reli lilikuwa limeshaarifiwa kwamba watoto wanapita pale. Bunge likafuatia kwa sheria ya mwaka 1984. Marekani ilikuwa imetangulia: tangu mwaka 1873 mahakama yake ya juu ilikubali kwamba kitu cha hatari kinachowavutia watoto kinampa mwenye nacho wajibu wa kuwafikiria. Mtoto hasomi kibao cha "hairuhusiwi kuingia". Anaona maji siku ya joto. Kibao peke yake, kwa hiyo, si kinga kama wenye maeneo wengi wanavyodhani.

Safari ya notisi

Sasa tuje kwenye lile linalowachanganya watu zaidi: kama hatari iko wazi na mamlaka yapo, kwa nini halmashauri isipeleke udongo kesho asubuhi?

Kwa kawaida mambo huanza na taarifa ya mkazi au ukaguzi wa afisa. Afisa anakwenda kuangalia. Mambo mengi ataweza kuyaona akiwa barabarani au kwa jirani. Akihitaji kuingia ndani na mwenyewe akikataa, katika nchi nyingi atahitaji kibali. Mahakama ya Juu ya Marekani ililisema hilo waziwazi mwaka 1967 katika kesi iliyotoka San Francisco: hata mkaguzi wa majengo wa mji hana ruhusa ya kuingia kwa mtu kwa nguvu bila hati ya mahakama, isipokuwa kuna dharura.

Baada ya ukaguzi inaandikwa notisi. Notisi iliyoandikwa vizuri inaeleza shimo liko wapi hasa, lina kina gani, hatari yake ni nini, mwenye ardhi anatakiwa afanye nini, kwa siku ngapi, anaweza kulalamika wapi, na nini kitafuata akikaa kimya. Hupelekwa kwa mtu anayetambulika kwenye kumbukumbu za ardhi, na hubandikwa pale pale kwenye eneo. Kubandika kuna sababu yake. Wenye mashimo mengi hawaishi hapo: wengine wamefariki na mirathi haijagawanywa, na kampuni nyingine zilishafungwa. Kutopatikana kwa mmiliki hakusimamishi shughuli. Kunabadilisha tu namna ya kumpa taarifa, kwa tangazo la eneo hilo au la gazetini, kulingana na sheria ya mahali.

Kisha mwenye ardhi anapewa nafasi ya kusikilizwa, na hapa ndipo wananchi hukasirika, wakiona anabembelezwa. Mwaka 1863 mahakama ya London iliamua kesi inayoeleza vizuri kwa nini nafasi hiyo ipo. Mjenzi aitwaye Cooper alikuwa akijenga nyumba katika eneo la bodi ya Wandsworth, na ujenzi ulikuwa umefika ghorofa ya pili. Sheria ilimtaka aiarifu bodi siku saba kabla ya kuanza. Bodi ikasema haikupata taarifa. Bila kumwita wala kumuuliza, ikatuma vibarua jioni, wakaibomoa nyumba mpaka chini. Kwa maandishi ya sheria bodi ilikuwa na uwezo wa kubomoa. Hata hivyo ilishindwa kesi, na Jaji Byles akaeleza kwamba hata pale sheria isipotamka, haki yenyewe inadai mtu asikilizwe kwanza. Alikumbusha kwamba Mungu mwenyewe hakumhukumu Adamu kabla ya kumwita ajitetee.

Kusikilizwa huko si adabu tu. Pengine shimo alilichimba mpangaji. Pengine mpaka haujulikani na shimo limo nusu kwa jirani. Pengine mwenye ardhi ana kibali cha kuendelea kuchimba na anachodaiwa ni uzio. Pengine eneo hilo ndilo chanzo cha maji ya watu na kulifukia kungewaumiza wengi. Afisa aliyesimama ukingoni kwa dakika chache hawezi kuyajua yote haya.

Lakini sheria hiyo hiyo ina mlango wa dharura, na huu ndio unaosahauliwa. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua shauri la mji wa Chicago, ambako wakaguzi walitaka kuharibu kuku waliooza waliokuwa kwenye ghala la baridi. Wenye ghala walidai wasikilizwe kwanza. Mahakama ikasema hapana: pale hatari kwa afya ya umma ni ya sasa hivi, mamlaka inaweza kuchukua hatua kwanza, na mwenye mali atapata nafasi yake baadaye, akithibitisha kwamba mali yake haikuwa hatari alipwe. Wanasheria wanaziweka kesi hizi mbili pamoja kwa sababu zinakamilishana. Pasipo na dharura, sikiliza kwanza. Kwenye dharura, zuia kwanza kisha sikiliza.

Shimo lenye ukuta unaoporomoka kandokando ya njia ya shule ni dharura, na sioni hoja ya kweli ya kulikataa hilo. Ila dharura inaruhusu kile tu kinachotosha kuzuia hatari. Uzio, kifuniko, taa usiku, pengine mlinzi. Kulifukia kabisa, kukata miti ya mtu au kubadili sura ya kiwanja chake ni hatua za baadaye. Halmashauri ikifanya zaidi ya ilichohitaji, inaweza kujikuta ikilipa fidia kwa kilichozidi.

Linalozua hofu ni kwamba halmashauri ikishaingia, ardhi imekwenda. Jirani akiona moshi jikoni kwako nawe hupo, atavunja kufuli na kumwaga maji. Utamlaumu au utamshukuru, lakini nyumba inabaki yako. Kuondoa hatari ni hivyo hivyo. Umiliki hauhami. Kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma ni utaratibu mwingine kabisa, wenye sheria zake na fidia yake.

Kufukia si kumwaga udongo

Kati ya mambo yote haya, naona hili linapuuzwa kuliko mengine. Mwaka 1860, katika jimbo la Lancashire nchini Uingereza, mwenye kiwanda mmoja alijenga bwawa la maji. Chini ya eneo hilo kulikuwa na njia za wima za mgodi wa zamani ulioachwa, zilizojazwa udongo tu, na waliojenga hawakuziziba sawasawa. Desemba mwaka huo maji yalizisukuma, yakapenya, na kuufurika mgodi wa jirani uliokuwa ukifanya kazi. Kesi hiyo, Rylands dhidi ya Fletcher, iliamuliwa na mahakama ya juu mwaka 1868, na hadi leo wanafunzi wa sheria katika nchi nyingi huisoma kama chanzo cha kanuni ya kuwajibika kwa kitu cha hatari kinachotoka kwako kikamdhuru jirani. Mimi huiona pia kama funzo la uhandisi. Shimo lililojazwa vibaya ni baya kuliko lililo wazi kwa namna moja: halionekani.

Kufukia kwa usahihi kunataka udongo uwekwe kwa tabaka, kila tabaka lishindiliwe kabla ya linalofuata. Udongo uliomwagwa tu hujishusha wenyewe kwa miaka, na anayejenga juu yake anaona nyumba ikizama upande mmoja. Takataka hazifai, hata kama zinapatikana bure. Zikioza huacha uwazi, hutoa gesi inayoweza kuwaka, na maji yanayopita humo hushuka na uchafu hadi maji ya chini ya ardhi. Maji ya shimo yenyewe hayatolewi kwa pupa: yalikuwa yakiusukuma ukuta na kuushikilia, na yakiondoka ghafla wakati udongo bado umeloa, ukuta unaweza kuporomoka siku hiyo hiyo.

Kisima kina shida yake ya pekee. Ni mrija unaoshuka moja kwa moja hadi kwenye maji wanayokunywa watu, kwa hiyo kukiziba juu tu na kuacha uwazi ndani hakutoshi. Mahakama ya Juu ya India, baada ya watoto wengi kutumbukia kwenye visima vya kuchimbwa kwa mashine, ilitoa mwongozo Februari 2010 unaofaa kusomwa popote. Mwenye ardhi awaarifu maafisa siku 15 kabla ya kuchimba. Wakati wa kazi pawe na uzio wa seng'enge na kibao. Mdomo wa kisima ufungwe kwa bamba la chuma la kuchomelea au kifuniko cha kufunga kwa nati. Na kisima kikiachwa, kijazwe kwa mfinyanzi, mchanga au mawe kutoka chini kabisa hadi usawa wa ardhi, na afisa athibitishe kwamba kimejazwa.

Nani analipa

Mwenye ardhi. Jibu ni hilo, na anayedhani kwamba akikaa kimya halmashauri itamfukia bure anajidanganya. Notisi ikipita bila utekelezaji, halmashauri inafanya kazi yenyewe au inaweka mkandarasi, inatunza hesabu ya kila kitu, kisha inamdai. Gharama za ukaguzi na za kiofisi mara nyingi huingia humo, kwa hiyo bili hiyo inaweza kuzidi ile ambayo angelipa kama angeajiri watu wake.

Asipolipa, katika nchi nyingi deni linaandikwa juu ya ardhi yenyewe au kuunganishwa na kodi yake. Hapo linakuwa zito, maana linaifuata ardhi hata ikibadili mikono. Anayenunua kiwanja chenye shimo anaweza kujikuta amenunua na notisi yake, na kusema "mimi sikuchimba" hakutamsaidia mbele ya halmashauri, ingawa anaweza kumdai aliyemuuzia. Kabla ya kulipa, mnunuzi aulize kwenye ofisi ya ardhi na ya halmashauri kama kuna amri au deni juu ya kiwanja hicho. Ni swali dogo na watu wachache sana huliuliza.

Ugumu wa kweli unakuja pale ambapo ardhi ina thamani ndogo kuliko gharama ya kuifukia. Machimbo makubwa yaliyokamuliwa mpaka mwisho mara nyingi yako hivyo: mchimbaji ameondoka na faida, iliyobaki ni hatari tupu, na hakuna wa kumshtaki. Hapo kudai gharama baadaye hakusaidii kitu, na dawa inayofaa ni dhamana ya fedha inayowekwa kabla ya kuchimba, irudishwe eneo likishafukiwa. Marekani ilifanya hivyo kwa migodi ya makaa ya mawe kwa sheria ya mwaka 1977. Kampuni inaweka dhamana ya kurudisha ardhi katika hali nzuri, na juu yake inalipa tozo kwa kila tani, tozo inayokwenda kwenye mfuko wa kushughulikia migodi iliyoachwa zamani kabla ya sheria. Halmashauri inayotoa vibali vya kuchimba kifusi bila dhamana yoyote inajiwekea bili ya kesho.

Mkazi anayeona shimo la namna hii aripoti kwa maandishi, akitaja mahali, tarehe, hali ya ukingo, kama kuna maji, na nani wanapita hapo. Aweke picha ikiwezekana, na abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Malalamiko ya mdomo hupotea. Barua iliyopokelewa inaonyesha siku ambayo ofisi ilianza kujua, na katika kesi nyingi za aina hii, ile ya reli ya mwaka 1972 ikiwemo, siku ya kujua ndiyo swali la kwanza linaloulizwa. Barua hiyo iombe mambo mawili tofauti na iyatenganishe waziwazi: kizuizi cha muda sasa hivi, na amri ya kudumu kwa mwenye ardhi kwa utaratibu wake. Ofisi ikijibu kwamba suala la mmiliki bado linashughulikiwa, itakuwa imejibu la pili tu, na la kwanza linaweza kuulizwa tena siku inayofuata.